Njia Mbili za Kwenda Kijitoni

Nyie vijana mnaokuja kunitembelea hapa Ipogolo, vitambulisho shingoni na maji ya chupa mkononi, swali lenu la kwanza huwa lilelile: Bibi, zamani mliwezaje kufanya kazi na Wazungu wa mashirika bila kugombana? Huwa nacheka. Nani aliwaambia hatukugombana? Tuligombana kwenye gari, tukagombana jikoni, na mara moja tuligombana kanisani wakati wa matangazo, kwa kunong'ona. Halafu tulikunywa chai, kazi ikaendelea.

Siku hizi mchana nakaa barazani. Malori yanapita kuelekea Mbeya na mvumo wake unanibembeleza, nusu nasinzia, nusu niko macho. Hapo ndipo ukungu wa Isyonje, kule njia ya Tukuyu, unapokuja. Hauji kweli, maana Ipogolo ni joto na vumbi, ila mimi nauona ukishuka taratibu juu ya migomba, na ndani yake nasikia Land Rover inakohoa na mtu anasema, "Sekela, usilale, tumefika." Kwa hiyo nikiwasimulia mambo yakakosa mpangilio, nivumilieni. Yananijia yenyewe, siyaiti.

Sekela ndiye mimi. Jina ni la upande wa mama, Mnyakyusa wa Rungwe. Baba alikuwa Mhehe wa hapahapa Iringa. Nilisema lugha mbili kabla sijajua kwamba ni mbili. Nilidhani ile moja ni ya uani na ile nyingine ni ya jikoni. Kiswahili nilikikuta shuleni, na Kiingereza walinifundisha walimu wa misheni, ambao hawakuwa na subira. Miaka ya hamsini, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, shirika moja la kanisa kutoka Ulaya ya kaskazini lilifungua nyumba ya watoto mjini Iringa. Walipokelewa watoto ambao wazazi wao wamekufa au wamelazwa hospitali kwa muda mrefu. Shirika likatafuta mtu wa kutafsiri na kusaidia kutembelea familia, nikachukuliwa mimi. Cheo changu kilikuwa msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kila kitu.

Mkubwa wangu alikuwa Bibi Hedda, kutoka Uswidi. Mrefu, mwembamba, anatembea kama anayewahi gari la mwisho. Moyo wake ulikuwa mkubwa, ila haraka yake ilikuwa kubwa zaidi. Kazi hii aliisomea kwao, na aliipenda kweli, sitaki mtu amcheke vibaya mbele yangu. Dereva wetu alikuwa Bwana Shomari, ambaye babu yake alipanda huku na misafara ya pwani, akaoa, akasahau kurudi. Mwislamu safi, kofia yake haikupata doa hata kwenye tope la Makambako. Alipenda kunitania. "Nusu Mhehe, nusu Mnyakyusa," alikuwa akisema. "Ukikasirika nimkimbie yupi kwanza?"

Safari zetu zilikuwa ndefu. Kutoka Iringa, Sao Hill, Makambako, mteremko wa Chimala, hadi Mbeya, barabara ya udongo tupu. Asubuhi za kipupwe milima ilikuwa haionekani mpaka umeikaribia, ikatokea ghafla mbele ya kioo kisha ikapotea tena. Nilikuwa nikiamini, na bado nusu naamini, kwamba baadhi ya vijiji tulivyopita havikuwepo kabisa, ukungu ulikuwa umetuchezea. Bibi Hedda alikuwa akiimba polepole kwa lugha yake. Sikuelewa hata neno, ila nilijua wimbo ni wa mtu aliye mbali na mama yake.

Sasa kabla sijasahau, niwaambie habari ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Msimu wa mvua tulifika kwa mzee mmoja upande wa Kilolo, tukitafuta ndugu wa mtoto yatima. Mzee akaleta ulanzi kwenye kikombe cha bati, umetoka kugemwa, una povu. Bibi Hedda akainua kiganja na kutabasamu. "Hapana, asante." Mzee akakiweka kikombe chini. Tangu hapo kila alichoulizwa alijibu, "Sijui." Jina la kaka yake mwenyewe hakulijua.

Tuliporudi mara ya pili, kikombe kikaletwa tena, safari hii kikaenda kwa Bwana Shomari, ambaye tangu kuzaliwa hajaonja kileo. Akakipokea kwa mikono miwili. Akalisifu povu. Akauliza mianzi iko bonde gani. Kisha akampa ndugu wa mzee aliyeketi kando yake, naye akanywa. Mzee akafurahi, akatueleza hata tusiyoyauliza.

Kwenye gari Bibi Hedda alitazama nje mpaka tukavuka daraja. Halafu akauliza, "Bwana Shomari, wewe umemdanganya yule mzee?"

"Sijamdanganya, Bibi. Sikusema nimekunywa. Nimepokea tu."

"Kuna tofauti?"

"Kubwa. Kupokea kazi ya mikono, kunywa kazi ya mdomo. Yeye alitaka mikono yangu."

Nyie mtafundishwa namna ya kuuliza maswali. Jifunzeni kwanza kupokea kikombe. Na wewe unayetafsiri, usiketi katikati ya watu wawili ukawa ukuta. Keti nyuma kidogo, ubavuni, sauti yako isiwe kubwa kuliko yao. Mtu akisema "nimechoka," sema "nimechoka," usiseme "huyu anadai amechoka." Kilichonipa taabu zaidi kilikuwa kimya. Bibi Hedda alikuwa akikiogopa. Mtu akinyamaza kidogo kutafuta maneno, yeye tayari ameleta swali lingine. Ikabidi tukubaliane kwamba watu wakinyamaza, yeye akoroge chai. Kuna nyumba alikoroga chai isiyo na sukari mpaka ikapoa, lakini pale ndipo mama wa nyumba alipofungua kinywa.

Basi, duara. Bibi Hedda alikuja nalo kutoka kwao. Alisema watu wenye shida wasisimamishwe mbele ya meza ya ofisa wakawa kama washitakiwa. Viti vipangwe mviringo, pasiwe na wa mbele wala wa nyuma, kila mtu amwone mwenzake usoni. Ilikuwa fikra nzuri, na hapa Iringa ilituletea sifa. Nakumbuka ndugu wawili wa Kihehe waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpwa wao, kila mmoja akidai mwenzake hafai kumlea. Tuliwaweka kwenye duara. Wakasalimiana "kamwene" kwa shida, wakatazamana, na mwisho wakatoka wakigawana ugoro. Watu wakaanza kuuliza, "Hilo duara la Bibi Hedda lini tena?" Naye akaanza kuamini kwamba hakuna shida isiyoweza kuketishwa kwenye viti vile.

Kisha likaja shauri la Tumpe.

Tumpe alikuwa mjane kijana wa Rungwe, upande wa Kiwira. Mumewe alikwenda kwenye machimbo ya shaba Rhodesia ya Kaskazini, akafia huko, likarudi jina tu. Haukupita muda kifua kikuu kikamshika Tumpe mwenyewe, akalazwa Mbeya. Mwanawe, Gwakisa, alikuwa bado ananyonya. Akaletwa kwenye nyumba yetu Iringa. Mimi ndiye niliyembeba safari nzima, akilia mpaka Chimala, kisha akalala na kidole changu mkononi mwake. Alikuja hajajua kusema. Kusema alijifunza kwetu, kwa wale mama wa Kihehe waliokuwa wakimpikia.

Matibabu ya Tumpe yalichukua muda mrefu, lakini akapona. Kitu cha kwanza alichotaka ni mtoto wake. Sasa kulikuwa na jambo. Walimu wawili Wazungu wa pwani, mume na mke wasio na mtoto, walimwona Gwakisa walipopita Iringa, wakampenda, wakaomba wamchukue moja kwa moja. Walikuwa watu wema, na walikuwa njiani kurudi kusikiliza jibu. Bibi Hedda hakuwa amewajibu. Alitaka kwanza aone kama nyumbani kwa mtoto pako salama, yaani amsikie mama, na amsikie baba wa marehemu, Mzee Mwambelo, maana kwa desturi mtoto ni wa ukoo wake. Kila kitu kilitegemea kikao kimoja Mbeya. Kikiharibika, Tumpe angekuwa amepona ili aje kumpoteza mtoto.

Nisikilizeni vizuri hapa. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Mwanamke hamtazami mzee usoni, haketi naye chumba kimoja, hataji jina lake. Wakikaribiana njiani, mwanamke anaingia majanini, anachutama na kujifunika mpaka mzee apite. Mzee naye anageuza uso, na akiwa mbali bado anakohoa ili mkwewe ajue anakuja. Hapo hakuna aliyemkosea mwenzake. Mama yangu alikaa hivyo na babu yangu wa Kihehe maisha yake yote, ingawa huku Uheheni watu hawakuwa wakali hivyo, na babu alipofariki hakuna aliyemlilia kama mama.

Tulifika Mbeya. Misheni ilituazima chumba. Bibi Hedda akapanga viti, na cha Tumpe akakiweka ubavuni mwa cha mzee, karibu kabisa, ili mjane ajione hayuko peke yake. Alikuwa amechuma hata maua.

Nikamwambia, "Bibi, Tumpe hawezi kuketi humu. Mkwewe atakuwemo."

"Ndiyo sababu hasa nataka aketi," akasema, macho yakimng'aa. "Sekela, mara ya kwanza huyu mwanamke atasikilizwa sawa na mwanamume."

"Hataketi."

"Tumwache achague mwenyewe."

Mzee Mwambelo alikuja mapema, koti jeusi, fimbo mkononi, akaketi. Mimi nikatoka mbio kumzuia Tumpe njiani, lakini Bibi Hedda alikwisha kumwona dirishani, akatoka, akamshika mkono kwa furaha, akamwingiza. Tumpe alipoliona lile koti alianguka magotini. Akavuta kanga ikafunika kichwa chote, akageuka, akatoka akitambaa, na nje akakimbia mpaka nyuma ya jiko. Mzee alikwisha kugeukia ukuta. Akasimama hivyohivyo, uso ukutani.

"Mmeniaibisha," akasema kwa Kinyakyusa. "Mimi na mtoto wa watu. Mmetuvua nguo sisi wawili."

Akatoka kwa mlango wa upande wa pili. Nikabaki na viti na maua. Kule nyuma ya jiko Tumpe alikuwa amekaa chini, anauliza neno moja tu: "Mtanipa mtoto? Dada, bado mtanipa mtoto?" Nikaketi naye palepale chini.

Bibi Hedda alikuwa amekwisha kuamua. Tulikaa kwenye gari pale Mwanjelwa, ambayo nyie mnaijua kwa maduka na kelele, wakati ule wauza ndizi wachache na mahindi ya watu. Alikuwa na machozi.

"Siwezi kumrudisha mtoto kule. Nimeona hofu kwa macho yangu. Yule mzee anamfanya nini mpaka atambae hivyo?"

"Umeona heshima, Bibi."

"Heshima haikimbii, Sekela!"

"Ya kwetu inakimbia."

"Nitawajibu wale walimu kwamba wamchukue."

Hapo nilipaza sauti. Nilimwambia kwamba akifanya hivyo atakuwa amemnyang'anya mama mtoto kwa sababu ya adabu njema ya mama huyo. Naye akapaza ya kwake, akasema yeye ndiye atakayeulizwa mtoto akiumia. Tukawa tunapigiana kelele kwa Kiingereza, wauza ndizi wanatutazama. Bwana Shomari akazima gari, akageuka.

"Bibi," akasema, "mke wangu Mhehe. Mama yake nikimwona anakuja sokoni njia hii, mimi napita ile. Nimemwoa binti yake zamani, nampelekea nyama kila sikukuu, na sijawahi kula naye meza moja. Sasa nami niandikwe kwamba ninamwogopa?"

"Lakini wewe hutambai."

"Mimi ni mzee wa pwani, magoti yamechoka. Twende ukaone nyumbani kwao. Nyumba haijui kusema uongo mbele ya wageni wasiotegemewa."

Bibi Hedda akapangusa macho. Hii ndiyo sababu ninawakataza kumcheka: alikuwa anaweza kukasirika na bado akasikiliza. Akasema, twende.

Tukamchukua Tumpe, tukamlaza kiti cha nyuma kwenye gari, turubai limeshushwa. Barabara ya Tukuyu ilikuwa imezama kwenye ukungu. Migomba ilikuwa inatokea mmojammoja pembeni, mikubwa, kimya, inadondosha maji. Nakumbuka nilifumba macho nikaomba barabara isiishe, tubaki tu humo ndani ya weupe ule, ambamo mtoto bado hajachukuliwa na mtu.

Bwana Shomari alisimamisha gari mbali na nyumba, akapiga honi kidogo, akangoja. Mzee Mwambelo akaja. Nikashuka, nikapiga magoti kumwamkia kwa lugha ya mama yangu, nikamwomba radhi kwa yaliyotokea. Alinitazama muda.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia ukoo wa mama. Akalainika kidogo. "Mwambie mgeni apite," akasema. "Anaonekana ana baridi."

Alitutembeza. Nyumba yake upande huu, na ng'ambo ya migomba nyumba ya Tumpe, karibu na mashemeji zake. Bibi Hedda alikuwa anatazama kila kitu kwa kushuku. Kisha akasimama. Kutoka uani zilikuwa zinatoka njia mbili, zote zinashuka kijitoni. Moja fupi, imenyooka, ngazi zake zimechongwa kwenye udongo na kukazwa na mianzi. Ya pili inazunguka mbali, inapita ukingo mkali wenye utelezi.

"Muulize kwa nini ziko mbili," akasema.

Mzee alijibu akitazama migomba. "Zamani ilikuwa moja. Mwanangu alipooa, tukawa tunakutana humo, mimi na ndama, mkwe wangu na mtungi. Kila siku anaingia kwenye majani yenye umande, anachutama. Kisha akapata mimba, na tumbo lake kubwa bado anachutama. Nikaona hapana. Nikachimba ile nyingine, nikawa napita mimi."

"Ile mbaya ndiyo yako?" Bibi Hedda akauliza mwenyewe kwa Kiswahili.

"Ndiyo. Ile nzuri ya kwake."

Bibi Hedda akaiangalia ile njia nzuri. Akainama, akapitisha mkono kwenye kingo zake. Majani yalikuwa yamefyekwa karibuni, yale yaliyokatwa bado hayajakauka.

"Lakini Tumpe alikuwa hospitali siku zote hizi," akasema. "Nani anaipita?"

"Hakuna."

"Nani anaifyeka?"

Mzee alikasirika kidogo, nadhani kwa haya. "Sasa akirudi apite wapi?"

Bibi Hedda hakuwa na chai ya kukoroga, ila alinyamaza vizuri. Kisha akaanza kushuka kwa ile njia ya mzee, kuijaribu, na viatu vyake vya ngozi. Hakwenda mbali. Akateleza, akakaa kwenye tope kwa kishindo, sketi mpaka kiunoni imechafuka. Nikakimbia kumwinua. Nilipoinua macho nilimwona Mzee Mwambelo amempa mgongo, amesimama anachunguza mgomba ambao haukuwa na cha kuchunguzwa.

"Anafanya nini?" Bibi Hedda akaninong'oneza.

"Hakuoni ulivyoanguka, Bibi."

Alibaki ameshika bega langu, tope mikononi, anautazama ule mgongo wenye koti jeusi. "Hakutaka nione haya," akasema polepole. Kisha akarudia kwa lugha yake, nadhani lilelile.

Kikao tulikifanya palepale, bila viti. Land Rover ndiyo iliyokuwa ukuta wetu. Tumpe ndani, chini ya turubai. Mzee nje, amelipa gari mgongo. Bibi Hedda akakaa kiti cha mbele, mlango wazi, tope limemkauka, na mimi nikasimama kwenye bampa ya nyuma nikichukua maneno ya huku na kuyapeleka kule. Bwana Shomari alishika usukani kana kwamba tunakwenda.

"Muulize kifua kimepona kweli," mzee akasema.

"Mwambie baba nimepona."

"Mwambie shamba lake la viazi hakuna aliyeligusa. Shemeji yake mmoja alitaka, nikamkatalia."

Ndani ya turubai nikasikia anacheka na kulia pamoja. "Mwambie ndaga. Mwambie ndaga sana." Ndaga ndiyo asante ya Kinyakyusa.

Bibi Hedda akauliza lake, lile lililomkaa kooni. "Mtoto ni wa ukoo wa mzee. Je, atamchukua kutoka kwa mama yake?"

Mzee aliichomeka fimbo yake kwenye tope. Ukungu ukapita katikati yetu. "Mtoto ni wa ukoo," akasema mwisho. "Lakini atalala anapolala mama yake. Mimi nina umri gani wa kuamshwa na mtoto?"

Wale walimu walijibiwa kwa upole kwamba mtoto ana kwao. Nilisikia mke alilia, na nilimwonea huruma, maana hakuwa na kosa.

Tulimtoa Gwakisa Iringa asubuhi. Safari hii hakulia. Alisimama juu ya mapaja yangu njia nzima, akiwasalimu kwa Kihehe ng'ombe, watu, na malori yaliyokwama. Alikuwa Mhehe kamili. Hakuwa na neno hata moja la mama yake, na mama yake hakuwa na hata moja la kwake. Bibi Hedda aliliona jambo hilo kabla yangu. "Utakuwa na kazi leo, Sekela," akaniambia. Nami nilikuwa nimejiandaa.

Mzee Mwambelo alimpokea mjukuu kwa mikono miwili. Alimtazama paji la uso, masikio, akamnusa kichwa. Ng'ambo ya migomba, pale nyumba yake ilipo, Tumpe alikuwa amesimama, kanga tayari iko kichwani. Mzee hakuweza kumfikishia. Alikwenda naye mpaka ukingo wa uani, akamweka chini, akamgeuza uso upande wa mama, kisha yeye mwenyewe akageuka nyuma. Bibi Hedda alikwisha kunyoosha mikono ambebe mtoto, ampeleke. Nilimwona. Akasimama, akaishusha mikono, akageuka naye, akasimama ubavuni mwa mzee, wote wawili wanatazama huku barabarani. Bwana Shomari aliinama kwenye tairi lisilo na kasoro.

Nikabaki peke yangu wa kutazama. Gwakisa alitembea chini ya migomba, akasimama katikati, akaangalia nyuma. Akaona migongo mitupu na mimi. Nikamwonyesha kwa kidevu, endelea. Akaendelea. Tumpe alikuwa amepiga magoti, kanga imeanguka mabegani, mikono wazi, haigusi kitu.

"Kamwene," mtoto akasema, kama alivyofundishwa kuwasalimu watu wazima.

Tumpe aliinua macho kunitazama. Alitaka nimwambie mwanawe amesema nini. Neno lilikuwa limenifika mdomoni, nikalimeza. Siku zote nilikuwa nalipwa kusema, na siku ile nilinyamaza.

Akamgeukia tena mtoto. "Kamwene," akasema, kwa taabu, vilevile alivyolisikia. Gwakisa akafikiri kidogo, kisha akaenda akaweka kichwa chake shingoni pake.

"Amefika?" mzee akauliza, bado ametupa mgongo.

"Amefika, baba."

Akakohoa, kwa nguvu, kama anavyokohoa mtu anayetaka watu wajue anapita. Kisha akashika fimbo yake, akaifuata ile njia yake ndefu ya kijitoni, na ndama hata mmoja hakuwa naye.